Maswali Yenu: Chora Udongo Kwanza, Ploti Baadaye

Tangu tuandike kuhusu nyumba zinazopasuka upande wa mashariki wa Nairobi, barua zimekuja nyingi, zingine za kulalamika, zingine za kuuliza, na karibu zote zinazunguka jambo moja: huu udongo tunaoukalia nani anaujua, umechorwa wapi, na mbona wanaopanga mitaa wanapanga kana kwamba ardhi yote ni sawa. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo, na majina ya walioandika nimeyaacha nje.

Habari ya kazi mwalimu. Nilinunua ploti ya futi hamsini kwa mia huku Utawala nikajenga nyumba ya vyumba vitatu. Kila kiangazi milango inagoma kufunga na kuna ufa umetoka kona ya dirisha mpaka juu, mvua ikinyesha ule ufa unajifunga wenyewe. Rafiki yangu amejenga Kinoo na fundi yule yule, simiti ile ile, na hana shida hata moja. Fundi anasema ni udongo. Kwani udongo wa Nairobi si mmoja? – Baba watoto, Utawala

Pole sana ndugu yangu. Fundi wako hajakudanganya, na simiti yako haina makosa. Nairobi imekaa juu ya mpaka. Reli ilipofika hapa 1899 wajenzi walipiga kambi pale tambarare inapoishia na miinuko ya kwenda Kikuyu na Limuru inapoanzia, na huo mpaka haujahama mpaka leo, uko chini ya lami tu. Magharibi na kaskazini, Kinoo, Kabete, Lavington, Runda, ni udongo mwekundu wa kina kirefu, unachimba mita kadhaa na bado ni mwekundu. Mashariki na kusini, Embakasi, Utawala, Ruai, Syokimau, Kitengela, ni ule mweusi ambao mafundi wanauita blak koton, na mara nyingi ukishuka mita moja au moja na nusu umeshagonga maramu, ile changarawe ya kumwaga barabarani, au mwamba.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mawe yaliyozaa udongo huu ni ya volkano pande zote mbili. Tofauti imeletwa na maji na mwinuko. Huko juu mvua ni nyingi zaidi na ardhi ina mteremko, kwa hivyo maji yanapita katikati ya udongo yanaenda zake, yanaondoka na chokaa na madini mengine yanayoyeyuka, na kinachobaki ni mfinyanzi usiovimba pamoja na chuma, chuma kikikaa na hewa kinakuwa chekundu. Huku chini kwenye tambarare maji hayana pa kwenda, yanatuama, yanakauka polepole, madini yanabaki pale pale, na hapo unaumbika mfinyanzi wa aina nyingine kabisa, wenye tabaka nyembamba mno ambazo maji yakiingia zinaachana na yakitoka zinabanana. Ndio maana unavimba na kunywea kila mwaka. Wataalamu wanauita vatisoli, na ule mwekundu wa Kabete nitisoli, utayakuta hayo majina ukifungua ramani yoyote ya udongo kwa hivyo ni vizuri uyazoee.

Ukitaka kuuona kwa macho nenda kiwanja chochote ambacho hakijajengwa huko kwenu mwezi wa pili kabla mvua ndefu haijaanza. Utakuta nyufa ambazo mkono unazama mpaka kiwiko. Sasa chimba kando ya ufa mmoja, kama sentimita sitini hivi, toa bonge zima bila kulipondaponda na jembe, alafu lifungue kwa vidole taratibu. Ndani utaona nyuso laini zinazong'aa, zimechorwa mistari iliyolala upande mmoja. Hiyo mistari ni alama ya udongo ulivyosuguana wenyewe kwa wenyewe wakati unavimba. Chini kidogo utaanza kupata vipunje vyeupe, vidondoshee siki ya jikoni, vikitoa povu basi hiyo ni chokaa ambayo maji yalishindwa kuiondoa. Rafiki yako wa Kinoo akichimba kwake atachoka kabla hajapata kipunje kimoja.

Nyumba yako sasa. Udongo ulio katikati chini ya sakafu unabaki na unyevu wake mwaka mzima kwa sababu jua halifiki, lakini ule wa pembeni unalowa na kukauka, kwa hivyo kuta za nje zinapanda na kushuka na za katikati zimetulia, hapo ndipo ufa unapotoka. Kabla hujatumia pesa kupiga plasta juu ya ufa, mwite injinia aangalie msingi ulishuka mpaka wapi, manake kwenye udongo huu kawaida mweusi wote unaondolewa mpaka maramu, panajazwa maramu nzuri na kushindiliwa, ndio msingi unaanza. Wakati unasubiri weka mifereji ya paa ipeleke maji mbali na ukuta, piga njia ya simiti kuzunguka nyumba, tengeneza bomba lolote linalovuja, na ule mti mkubwa uliopandwa mita mbili kutoka ukutani ufikirie mara mbili, kwa sababu mizizi inakausha udongo upande mmoja tu.

Mwalimu, darasani tumefundishwa kwamba ramani ya udongo ya Kenya nzima ilishachorwa kitambo. Sasa mbona kila mara mnasema tunahitaji ingine? – Mwanafunzi wa jiografia, Ngara

Iko, na ni kazi kubwa ya kuheshimiwa. Kitengo cha uchunguzi wa udongo, Kenya Soil Survey, kilianzishwa Kabete 1972, na 1982 ikatoka ramani ya nchi nzima ya Sombroek, Braun na van der Pouw. Mpaka leo watu wanaitegemea. Lakini soma pale chini kwenye kipimo chake: moja kwa milioni moja. Sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita kumi ardhini. Ploti ya hamsini kwa mia, ambayo ni kama mita kumi na tano kwa thelathini, kwenye ramani hiyo ni nukta isiyoonekana hata ukiweka lenzi. Bonde la mto lenye upana wa mita mia mbili halionekani pia. Na ni kwenye hayo mabonde watu wanapopangiwa nyumba.

Ile ramani ilichorwa kujibu swali la nchi, mahali gani panafaa mahindi, mahali gani ni pa mifugo, na swali hilo ilijibu vizuri. Swali la mtaa ni lingine. Kupanga mtaa unataka angalau moja kwa elfu kumi, ambapo sentimita ni mita mia moja, hapo ploti yako inakuwa na milimita moja na nusu kwa tatu na mtu anaweza kuweka kidole aseme hapa ni hapa.

Siku hizi kuna njia ya pili, ramani za kompyuta zinazokisia udongo kutokana na picha za setilaiti, umbo la ardhi, mvua, na sampuli nyingi zilizochukuliwa sehemu mbalimbali. Kuna SoilGrids ya dunia nzima yenye vipande vya mita 250, na iSDAsoil ya Afrika yenye vipande vya mita 30, unaweza kuifungua kwenye simu saa hii bure. Kipande cha mita 30 kwa 30 ni kama ploti mbili za hamsini kwa mia, kwa hivyo inaonekana kama tumefika. Hatujafika. Kile kipande ni makisio, hakuna mtu aliyechimba kwenye ploti yako, na mahali ambapo udongo unabadilika ghafla, mwekundu hapa mweusi pale, makisio yanalainisha ule mpaka hadi unapotea. Nazitumia kila mara kujua niende kuchimba wapi. Kumwambia mtu ajenge wapi, hapana.

Na kwa sababu unasoma jiografia, kuna jina moja ulijue. Geoffrey Milne, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanganyika, na miaka ya 1930 akichora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki aliona kwamba kuanzia mgongo wa kilima mpaka bondeni udongo unabadilika kwa mpangilio, na mpangilio ule ule unajirudia kilima baada ya kilima. Akauita katena, mwaka 1935, na sasa dunia nzima wanafundisha hivyo. Inauma kidogo kwamba wazo lililozaliwa kwenye vilima vyetu tunalisoma kwa ajili ya mtihani alafu tukipanga mitaa yetu tunaliacha nje ya mlango.

Sisi ni chama cha wakazi Ruai. Kaunti imetangaza mkutano wa kutoa maoni kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi ya mtaa wetu. Mwaka jana tulienda mkutano kama huo tukakaa tu, tukapewa soda, tukaweka sahihi. Safari hii tunataka tuseme kitu cha maana kuhusu udongo na maji. Tuulize nini, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini kabla ya siku hiyo? – Katibu wa chama

Katibu, hii barua yako ndiyo imenifanya nichukue kalamu mwezi huu, wacha nikujibu kwa urefu.

Kwanza mjue mna haki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi unaotegemea ramani za kompyuta, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inashuka mpaka mipango ya mitaa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo mkiomba kuona ramani ya udongo iliyotumika hamuombi fadhili. Andikeni barua mapema, msingoje siku ya mkutano, manake siku hiyo mtaambiwa mtaalamu hajakuja.

Swali la kwanza liwe fupi: huu mpango umetumia ramani gani ya udongo, ya kipimo gani? Kama jibu ni ile ya moja kwa milioni au hakuna kabisa, mshapata hoja yenu. La pili, maji machafu yataenda wapi? Hili nawaomba msiliache. Udongo mweusi ukishalowa na kuvimba haunywi maji tena, zile nyufa zinajifunga na maji yanakaa juu, kwa hivyo mahali ambapo hakuna sewa na kila ploti ina shimo lake la maji taka, yale mashimo mvua ikija yanafurika yote kwa pamoja. Kwenye udongo mwekundu wa Kabete shimo lile lile lingefanya kazi. Mpango unaoruhusu fleti za ghorofa tano kwenye udongo mweusi bila sewa umeshapanga kipindupindu, hata kama karatasini umepakwa rangi nzuri. La tatu, mabonde yamechorwa? Mafuriko ya 2024 mnayakumbuka, serikali ikaamuru watu watoke ndani ya mita thelathini kutoka mitoni, watu wakabomolewa. Lakini mto haujui mita thelathini. Mahali pengine bonde ni jembamba na mita kumi na tano zinatosha, pengine mto ukifurika unaenea mita mia mbili, na udongo wenyewe unakuambia ulifika wapi, manake chini ya ardhi inayolowa mara kwa mara utakuta rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu. Ukichimba sehemu kavu kabisa mwezi wa tisa bado yale madoa yapo. Mimi ningependa mpaka wa mto uchorwe kwa kufuata huo udongo, na mita thelathini ibaki ya chini kabisa.

Sasa kazi yenu wenyewe. Mnahitaji oga, yaani keekee ya kutobolea udongo, ile ya kuzungusha kwa mkono, fundi wa jua kali mzuri anaweza kuwachomelea moja yenye urefu wa mita moja na robo. Ongeza tepu, ndoo, chupa ya maji, siki, daftari na simu yenye GPS. Tafuteni mwalimu wa kilimo au jiografia wa shule iliyo karibu na vijana wanne watano. Chagueni mstari unaoanza sehemu ya juu kabisa ya mtaa mpaka mtoni, msifuate barabara kwa sababu barabara nyingi zimejazwa udongo wa kuletwa, alafu kila mita mia mchimbe tundu moja. Ndio Milne alivyotembea. Kwenye kila tundu pangeni udongo chini kwa mfuatano uliotoka nao na mwandike: rangi ikiwa mbichi, weusi uliishia sentimita ngapi, maramu au mwamba ulianza wapi, maji yalionekana, madoa ya kutu yako, siki ilitoa povu. Lowesha kidogo, finyanga, uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe, utepe ukifika sentimita tano bila kukatika huo ni mfinyanzi mzito. Piga picha na tepu ikiwa kando.

Mkimaliza mstari mmoja mnaanza mwingine. Kwa ramani ya moja kwa elfu kumi kawaida ya kazi ni kama tundu moja kwa kila hekta, na Nairobi nzima ina kilomita mraba karibu 700, yaani hekta elfu sabini, kwa hivyo hakuna atakayewaambia mchimbe kote. Chimbeni pale udongo unapobadilika, na pale ambapo mpango unataka kuweka kitu kizito au kitu kichafu.

Alafu waulizeni wazee na kina mama waliokaa hapo muda mrefu. Wanajua ni wapi trekta lilikuwa linazama, kisima gani kilikuwa na maji ya chumvi, ni wapi palikuwa na shimo la mawe likajazwa takataka likauzwa ploti. Hayo machimbo yaliyojazwa ni udongo maalum pia na kwenye ramani lazima yawe na rangi yao, kwa sababu yanazama bila mpangilio na wakati mwingine yanatoa gesi. Hakuna setilaiti inayoweza kuwaambia hilo, ni yule mama wa kibanda cha mboga anayelijua.

Mtakachopeleka mkutanoni kisiwe malalamiko, kiwe karatasi moja yenye mistari yenu, matundu yenu na rangi nne au tano: mweusi wa kina, mweusi mwembamba juu ya mwamba, udongo wa bondeni unaolowa, ardhi iliyojazwa, na mwekundu kama upo. Mukuru, ule mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ilitangazwa eneo maalum la mipango 2017 na wakazi wenyewe walikuwa ndani ya ile kazi ya kukusanya habari za mtaa wao, kwa hivyo hamtakuwa wa kwanza kuingia na karatasi mkononi. Na tafadhali muombe iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Tunaishi karibu na kinamasi cha Ondiri hapa Kikuyu. Kuna majirani wanataka kukata mitaro wakaushe kipande wapande sukuma na miwa, wanasema ni udongo mweusi wenye rutuba umekaa bure. Mimi moyo unakataa lakini sina la kuwajibu. – Mama Kikuyu

Mama, moyo wako uko sawa, na la kuwajibu lipo.

Ondiri ni chanzo cha mto Nairobi, na ni kinamasi cha aina adimu, mimea imefungamana juu ya maji mpaka ukikanyaga ardhi inatikisika. Udongo wa mahali kama hapo, kinyume na ule mweusi wa Utawala, hauna mfinyanzi mwingi, ni mimea iliyokufa miaka na miaka ikashindwa kuoza kwa sababu imezama majini na hewa haiingii. Ni mboji tupu. Unafanya kazi kama sponji, unashika maji ya mvua na kuyaachia polepole kiangazi kizima.

Ukikata mtaro maji yanashuka, hewa inaingia, na ile mboji iliyongoja mamia ya miaka inaanza kuoza. Mwaka wa kwanza na wa pili sukuma itapendeza, sikatai, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Baadaye udongo unasinyaa, ardhi inashuka, mtaro inabidi uchimbwe zaidi, na ukikauka sana unaweza kushika moto ukaungua kwa chini. Na ukishakauka kabisa hata ukiurudishia maji haunywi kama zamani. Huko chini mtoni kiangazi maji yanapungua na masika yanakuja yote kwa mpigo.

Dunia nzima udongo wa mboji kama huu ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini umefunga kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ikiwekwa pamoja. Na angalia jinsi usipochorwa unavyosahaulika: kule bonde la Kongo kuna kinamasi cha mboji cha kilomita mraba zaidi ya 145,000, kikubwa kuliko Uingereza bila Wales na Scotland, na ramani yake ya kwanza inayoeleweka ilitoka 2017. Juzi tu. Wenyeji walikuwa wanakijua tangu enzi, lakini kwa wenye mipango kilikuwa ni rangi ya kijani ya msitu basi. Kama kitu cha ukubwa huo kinaweza kukosekana kwenye ramani, Ondiri yenye hekta chache je.

Waambie majirani sukuma waipande juu kidogo kwenye ule mwekundu, na maji wayachote kwa kipimo. Na wewe na wenzako muombe kaunti ya Kiambu ichore ukingo wa mboji wenyewe kwa oga, waende wakichimba mpaka mboji iishie, manake ukingo wa maji unasogea na misimu na mtu anaweza kuja mwezi wa pili akasema hapa ni pakavu.

Baba ameacha ekari tatu za kahawa karibu na Ruaka. Ndugu zangu wanataka zigawanywe ploti, bei ni nzuri sana. Unasema udongo mwekundu ni mzuri kujengea, si basi tujenge? – Dada wa Ruaka

Dada, hili ni gumu kwa sababu ule uzuri ndio unaouponza. Udongo unaobeba nyumba bila kupasuka ndio ule ule unaobeba kahawa, chai, ndizi na maharagwe. Mizizi inashuka mita mbili bila kizuizi, maji yanaingia bila kutuama, ukivunja bonge linaachana kwa vipande vidogo vyenye nyuso zinazong'aa kidogo na kila kipande kinashika unyevu wake. Karibu asilimia 80 ya Kenya ni ardhi kame au nusu kame, kwa hivyo mwekundu wenye mvua ya kutosha tunao kidogo, na kidogo hicho kimezunguka Nairobi pande zinazopendwa zaidi na wanunuzi. Ukishamwagwa zege haurudi, sentimita moja ya udongo inaweza kuchukua mamia ya miaka kuumbika.

Siwezi kukuambia familia yako ifanye nini na urithi wenu, watoto wanataka karo. Lakini nasema wazi kwamba si haki mzigo huu uachiwe familia moja moja, kila mmoja akiamua peke yake huku dalali amekaa getini. Hii ni kazi ya mpango wa kaunti: kwanza ichorwe ni wapi udongo mwekundu una kina kikubwa na ni wapi una mawe au mteremko mkali, alafu nyumba zisukumwe kwenye ule wa daraja la chini, zipande juu badala ya kutambaa, na mwenye shamba la daraja la kwanza apunguziwe ada za ardhi kwa kulilinda. Kama mtagawa, basi msigawe zote sawasawa. Chimbeni kwanza, mtakuta kuna upande wa shamba ambao ni mwembamba, huko ndiko nyumba ziende, na sehemu ya kina kirefu ibaki kipande kimoja kinacholimika.

Hii tambarare ya Kitengela kuelekea mbuga ya Nairobi haina miti, haina mahindi, watu wanasema ni ardhi isiyofaa kitu. Kwa nini isijengwe tu? – Msomaji, Kitengela

Inafaa, tena sana, kwa nyasi. Udongo mweusi unaokata mizizi kila kiangazi unaponywea, miti mingi haiuwezi, isipokuwa michache kama ile migunga yenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi. Nyasi zinauweza. Kwa hivyo tambarare haikukosa miti kwa bahati mbaya, udongo ndio uliochagua, na wanyama na ng'ombe wa Wamaasai wakaja kwa sababu ya hizo nyasi. Mbuga yenyewe iliyofunguliwa 1946 ina kilomita mraba 117 tu, haiwatoshi nyumbu na pundamilia mwaka mzima, ndio maana upande wa kusini haukuwekewa ua, watoke mvua ikinyesha waende huko kwenu wakale nyasi. Kila ua wa ploti unakata hiyo njia. Kwenye ramani ya udongo sehemu hiyo ingeandikwa wazi: mbaya kwa msingi, mbaya kwa shimo la maji taka, ngumu kwa jembe, nzuri kwa malisho. Ukisoma hizo nne pamoja utaona ni wapi pa kuanzia mpango.

Nataka kupeleka udongo maabara. Nachukua vipi? – Mkulima mdogo, Kamulu

Usichukue sehemu moja. Tembea shambani kwa njia ya kupindapinda, chukua kidogo sehemu kumi mpaka kumi na tano, kina cha sentimita ishirini, epuka palipokuwa na boma, palipochomwa takataka na kando ya ua. Changanya kwenye ndoo safi, usitumie iliyokuwa na mbolea, anika kivulini, alafu toa kama nusu kilo. Ukiona shamba lina rangi mbili, mweusi chini na mwekundu juu, hizo ni sampuli mbili, usizichanganye hata kidogo. Andika tarehe, kina, mahali kwa GPS na unataka kupanda nini, karatasi iwe nje ya mfuko na nyingine ndani kwenye nailoni. Maabara za utafiti wa kilimo ziko pale Kabete, Waiyaki Way. Na majibu yakitoka yapigie picha umpelekee katibu wa chama cha wakazi wa hapo kwenu ayaweke kwenye ramani ya mtaa.